Jicho moja likiona ukungu kisha likasafika

Baba yangu mdogo ni fundi cherehani mjini Tanga. Asubuhi moja alikuwa amekaa barazani na kikombe chake cha chai ya rangi, jicho la kulia likaingia giza. Alivyotusimulia baadaye, ilikuwa kama mtu ameshusha pazia la kijivu kutoka juu, polepole, mpaka likafunika lote. Hakusikia maumivu yoyote. Alilifikicha, akaenda kunawa uso, na aliporudi chai ilikuwa bado ya moto na pazia limeshapanda. Siku ile alikata suruali mbili na kuzishona. Baada ya siku nne pazia likarudi. Safari hii alikwenda duka la dawa la mtaani akauziwa matone, akatia, jicho likasafika, naye akaamini ni matone yaliyolisafisha. Mara ya tatu lilisafika vilevile. Lakini jioni ya siku hiyo mkono wake wa kushoto, ule unaotandaza kitambaa chini ya sindano, ulilegea, kitambaa kikamponyoka, na maneno yakawa yanamtoka kama ya mtu aliyelewa.

Jicho la kulia, mkono wa kushoto. Pale nyumbani hakuna aliyeuona uhusiano, mimi nikiwamo. Naandika kwa ajili ya uhusiano huo, na kwa ajili ya kila mtu ambaye jicho lake moja limeona ukungu, ukapita, akaendelea na shughuli zake akisema limeshapona. Ukungu unaokuja na kuondoka una sababu nyingi. Nyingine ni ndogo kabisa, nyingine ni za kumkimbiza mtu hospitali saa ileile. Kinachozitenganisha ni namna ulivyokuja, ulivyokaa na ulivyoondoka, na hayo hakuna mashine itakayoyaona jicho likishasafika. Aliyeyaona ni wewe peke yako.

Kwanza, ni jicho moja kweli?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalopotosha watu wengi. Ukungu ukija, usilifikiche jicho. Funika moja kwa kiganja, bila kulibonyeza, utazame kitu chenye maandishi, mathalani kalenda ya ukutani. Kisha funika la pili. Ikiwa ukungu upo kwa jicho moja tu na la pili ni safi kabisa, shida iko kwenye jicho hilo, kwenye neva yake, au kwenye damu inayolilisha. Ikiwa macho yote mawili yanakosa sehemu ileile ya picha, shida iko nyuma zaidi, ndani ya ubongo.

Sababu ni kwamba ubongo haukugawana macho moja kwa moja, hili langu hili lako. Vitu vyote vilivyo upande wako wa kulia, viwe vinaonwa na jicho la kulia au la kushoto, habari zake hupokewa na upande wa kushoto wa ubongo. Kwa hiyo mtu aliyepoteza nusu ya kulia ya picha katika macho yote mawili huapa kwamba ni jicho la kulia lililoharibika. Mwenye kipandauso hupata jambo kama hili: vimetameta vya menomeno, kama ukingo wa kioo kilichovunjika, huanza padogo na kusambaa kwa dakika 20 hadi 60, kisha hutoweka na kichwa huanza kugonga. Yeye naye husema ni jicho moja, na akifunika anagundua ni yote mawili. Ikiwa hujawahi kupata kitu cha namna hiyo maishani, nenda ukapimwe hata kama kimepita, maana kiharusi cha nyuma ya ubongo nacho huweza kuchukua nusu ya picha.

Kwa jicho moja kujificha nyuma ya jenzake, macho mawili hutudanganya kila siku. Kuna watu wamekaa miaka na jicho lisiloona vizuri bila kujua, wakaja kugundua siku mdudu alipoingia kwenye lile zima.

Ukungu wa sekunde chache

Kama picha inafifia, ukapepesa kope mara mbili tatu ikarudi, hilo mara nyingi ni suala la machozi. Uso wa jicho umefunikwa na utando mwembamba wa machozi ambao ndio wa kwanza kuupinda mwanga unapoingia. Utando huo una maji, ute, na mafuta yanayotoka kwenye vitezi vya ukingo wa kope. Mafuta yakiwa haba, machozi hukauka kabla hujapepesa tena na picha huwa kama unatazama kupitia kioo cha gari chenye mvuke. Tukikodolea simu au kompyuta tunapepesa mara chache zaidi. Feni inayopuliza usoni, moshi wa kuni, vumbi la kupanda bodaboda bila kinga ya macho, vyote huzidisha ukavu. Kitambaa safi kilichochovywa maji ya vuguvugu na kuwekwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika kama 5 au 10, asubuhi na jioni, huyeyusha mafuta yaliyoganda, na machozi bandia yasiyo na dawa nyingine ndani yake husaidia wengi. Tongotongo likitanda juu ya mboni nalo huleta ukungu unaoondoka ukipepesa.

Kuna ukungu mwingine usio na madhara ambao umewatisha watu wengi. Mtu amelala ubavu gizani, jicho moja limezikwa kwenye mto, jingine linatazama simu. Akizima simu, jicho lililokuwa linatazama haliwezi kuona chochote kwa dakika kadhaa. Mwaka 2016 madaktari wa London waliandika kuhusu wanawake wawili waliofanyiwa vipimo vya kila namna kabla haijagunduliwa kwamba ni simu tu: jicho la kwenye mto lilikuwa limeshazoea giza, la kwenye simu lilikuwa limezoea mwanga, na tofauti hiyo ikaonekana kama upofu. Tazama simu kwa macho mawili, na ikiwa tatizo halirudi tena, umepata jibu lako.

Lakini si kila ukungu wa sekunde ni mwepesi. Ukiinama kufunga kamba za viatu au ukiinuka kutoka sijda, picha ikawa ya kijivu kwa sekunde chache kisha ikarudi, na jambo hilo likajirudia siku baada ya siku, hasa pamoja na kichwa kuuma au mlio masikioni unaofuata mapigo ya moyo, mwambie daktari aangalie nyuma ya jicho. Huenda maji yanayozunguka ubongo yamezidi shinikizo na neva ya jicho imevimba.

Pazia la dakika

Hapa ndipo alipokuwa baba mdogo, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Damu inayolisha jicho la kulia hupanda kwa mshipa mkuu wa shingo upande wa kulia, ule unaouhisi ukidunda ukigusa kando ya koromeo. Mshipa huohuo hulisha sehemu kubwa ya nusu ya kulia ya ubongo, na tawi lake kubwa la kwanza ndani ya fuvu huenda jichoni. Nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayoendesha mkono na mguu wa kushoto. Mtu akiishi miaka na presha isiyotibiwa, kisukari, sigara, au lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu, ukuta wa mshipa ule hujenga gamba. Gamba likipasuka, chembe huondoka na mkondo wa damu. Ikiingia tawi la jicho, huziba mshipa mwembamba wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na retina ikikosa damu huzima. Chembe ikisagika na kusogea mbele, damu inarudi na pazia linapanda. Chembe inayofuata, ikikosa njia ya jicho, inaweza kwenda ubongoni, nao hauna pazia la kupandisha.

Chembe inaweza pia kutoka moyoni: moyo unaodunda bila mpangilio, au valvu, yaani milango ya moyo, zilizoharibika kufuatia maambukizi ya koo ya utotoni, ugonjwa ambao kwetu Afrika Mashariki huwapata hata vijana. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba hili ni la wazee tu.

Dalili zake ni hizi: linakuja ghafla, haliumi, linashuka kama pazia au picha inafifia yote kwa pamoja, linakaa dakika chache, mara chache linafika nusu saa, kisha linaondoka lote. Madaktari hulihesabu kuwa ndugu wa kiharusi kinachopita, yaani kile ambacho dalili zake huondoka zenyewe. Na katika viharusi vinavyofuata onyo la kiharusi kinachopita ndani ya miezi mitatu, karibu nusu hutokea siku mbili za mwanzo. Onyo la jichoni lina hatari ndogo kidogo kuliko lile la mkono au ulimi, lakini huwezi kujua wewe uko fungu gani ukiwa umekaa nyumbani. Nenda siku hiyohiyo, hata kama jicho limeshasafika, tena hospitali yenye daktari wa magonjwa ya ndani na si kliniki ya miwani. Ukimsubiri mtaalamu wa macho anayekuja kituoni kila Alhamisi umechelewa.

Pazia likikataa kupanda, haraka inazidi. Retina iliyozibwa kabisa huanza kufa, na baada ya saa kama 4 kinachobaki cha kuokoa ni kidogo. Ukiona na uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, hapo ni kutafuta gari, si kutafuta matone.

Kuhusu aspirini, najua ushauri unaozunguka kwenye simu zetu. Ni kweli madaktari huwapa watu wengi wa aina hii aspirini. Lakini ukungu wa ghafla unaweza kutokana na mshipa uliozibwa au mshipa unaovuja, na kwa nje huwezi kuvitofautisha. Acha waamue waliokupima.

Mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 aongeze jambo moja la kujiuliza: panja zinauma? Kuchana nywele kunaumiza ngozi ya kichwa? Taya linachoka ukitafuna nyama? Ikiwa ndiyo, huenda mishipa ya damu ya kichwani imevimba. Ugonjwa huu huonekana zaidi kwa watu wa Ulaya ya kaskazini kuliko kwetu, ila ukitokea huweza kuchukua jicho la kwanza, na la pili likafuata baada ya siku chache. Vipimo vya damu vya uvimbe huonyesha, na dawa huanza siku ileile.

Moshi, nyuzi na duara za upinde wa mvua

Ukungu mwingine huja kama moshi unaoelea, utando wa buibui, au vinzi vyeusi vinavyokimbia ukivifuata. Kinzi kimoja au viwili vya miaka mingi si kitu. Mvua ya vinzi vipya kwa ghafla, vimulimuli pembeni hasa gizani, au kivuli kinachopanda kutoka ukingoni na kubaki, huenda ni retina inayochanika au kubanduka ukutani. Ikipatikana ikiwa tundu tu, huzibwa kwa mionzi ya leza. Ikishabanduka ni upasuaji, na kila siku ina thamani, hasa kama katikati ya picha bado pako sawa.

Wenye kisukari na wenye selimundu wasome hapa mara mbili. Magonjwa yote mawili huziba mishipa midogo ya retina, retina huotesha mishipa mipya dhaifu, na hiyo huvuja damu ndani ya jicho. Damu ikiwa kidogo, mtu huamka na ukungu mzito kwa sababu usiku imetawanyika, kisha akikaa wima inatuama chini na picha inasafika mchana. Hivyo ndivyo anavyojiridhisha kwamba linapona lenyewe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na selimundu, na wengi wao sasa wanafika utu uzima, umri ambao macho huanza kuguswa. Kisukari nacho kina ukungu wake mwingine: sukari ikipanda na kushuka, lenzi huvimba na kunywea, na miwani iliyofaa mwezi jana haifai tena. Huo kwa kawaida hushika macho yote mawili. Mwenye kisukari apimwe nyuma ya macho kila mwaka, aone ukungu asione.

Sasa fikiria mtu ambaye ukungu humjia jioni, au akitazama televisheni taa zimezimwa. Taa za barabarani anaziona zina duara za rangi za upinde wa mvua, paji la uso upande huo linauma, tumbo linamchafuka. Analala, anaamka mzima. Hiyo ni presha ya jicho inayopanda kwa vipindi: gizani mboni hupanuka na kuziba njia ya maji ya ndani ya jicho, na usingizini hunywea na kuifungua. Siku moja njia huziba isifunguke, na jicho linaweza kupotea ndani ya siku chache. Kinga yake ni tundu dogo linalotobolewa kwa leza kwenye duara la rangi la jicho, kazi ya muda mfupi kliniki. Presha ya macho iliyozoeleka zaidi kwetu, ile ya kimya, haina ukungu wa kuja na kuondoka. Inakula pembeni bila maumivu, ndiyo maana ukiwa na mzazi mwenye nayo hupaswi kusubiri dalili.

Jicho jekundu, linalouma, linaloukimbia mwanga na kuona ukungu kwa siku kadhaa, likapoa na kurudi baada ya miezi, huenda lina uvimbe wa ndani. Kifua kikuu, kaswende, na maambukizi mengine yanaweza kuwa nyuma yake, na damu yako itapimwa. Jicho linalouma likizungushwa, huku rangi nyekundu ikionekana imepauka, linaashiria uvimbe wa neva. Mtu wa namna hiyo anaweza kuona ukungu akishatoa jasho au akioga maji ya moto.

Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, tazama nondo za dirisha lako kwa jicho moja moja, ukiona zimevimba katikati basi shida iko kwenye kitovu cha retina. Mtoto wa jicho, ambaye kila mtu humtaja kwanza, kwa kweli haendi na kurudi: ukungu wake unakuja kwa miezi na unakaa, ingawa juani au mbele ya taa za magari huzidi. Aliyefanyiwa upasuaji wake akaanza kuona ukungu tena baada ya mwaka mmoja au zaidi, mara nyingi ni utando nyuma ya lenzi mpya, na leza huutoboa mara moja.

Chupa ya matone kabatini

Sina neno gumu kwa wauzaji wa maduka ya dawa. Wengi wanasaidia watu ambao hawana nauli ya kufika mbali. Lakini matone mengi yanayouzwa kwa jicho lolote lenye shida yana steroidi ndani, kama deksamethasoni, yakiwa peke yake au pamoja na dawa ya kuua vijidudu. Steroidi hutuliza wekundu haraka, na hapo ndipo mtego ulipo. Kidonda cha virusi vya tutuko (herpes) kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kikitiwa steroidi huchimba zaidi. Jicho linalotiwa kwa wiki nyingi linaweza kupandisha presha kimyakimya na kuotesha mtoto wa jicho kabla ya umri. Soma kichupa. Ukiona jina linaloishia na "-sone" na hakuna daktari aliyekuandikia, usitie.

Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Tanzania, watu walitia maziwa ya mama, mkojo, chai, maji ya majani. Naelewa hofu iliyowafikisha hapo. Lakini kioo cha jicho hakina damu ya kukilinda, na mchubuko mdogo ukiingiwa na fangasi au vijidudu huacha kovu jeupe la maisha. Wengine waliopona wekundu walibaki na ukungu wa wiki au miezi kutokana na madoa madogo kwenye kioo cha jicho. Hayo hufifia yenyewe kwa wengi, na yakichelewa ni ya daktari, si ya maziwa.

Ukifika kliniki, iwe hospitali ya mkoa, KCMC Moshi, CCBRT Dar es Salaam, Kwale au Kikuyu upande wa Kenya, utasomeshwa herufi kwa jicho moja moja, utapimwa presha ya macho, na utatiwa matone ya kupanua mboni ili sehemu ya nyuma ionekane. Baada ya hapo karibu pataonekana na ukungu kwa saa kadhaa na jua litakuumiza, basi nenda na mtu na usiendeshe chombo. Kama hadithi yako ni ya pazia, omba pia upimwe presha ya damu, sukari, lehemu, moyo, na mishipa ya shingo kwa ultrasaundi. Baba mdogo alipopimwa, jicho lilikuwa safi kabisa. Daktari hakuona kitu ndani yake. Aliposikia neno pazia tu ndipo akamgeuza shingo, na kipimo kikaonyesha mshipa wa kulia umebanwa. Anaendelea na dawa zake, na mkono umerudi isipokuwa kwenye vifungo vidogo vya mashati.

Sasa ana daftari lake la vipimo vya wateja, na ukurasa wa mwisho ni wa macho. Nami nimeweka la kwangu kwenye simu. Likitokea jambo, andika palepale kabla ya kumpigia mtu yeyote, kisha nenda nalo likiwa hivihivi:

"Jumanne, saa 1:20 asubuhi. Jicho la kulia. Nilifunika la kushoto nikaona giza, nikafunika la kulia nikaona vizuri. Lilishuka kutoka juu. Dakika 6. Haliumi, si jekundu. Kupepesa hakukusaidia. Mkono, uso, ulimi sawa. Presha nilipimwa mwezi uliopita, 150 kwa 95. Sijatia kitu."